Mita Mbili na Nusu Zilizopelea

Saa nne asubuhi, Alhamisi. Bi Kadiria amepiga magoti sakafuni, mkasi mkononi, na kwa saa nzima sasa hajakata hata uzi.

Mbele yake kimetandazwa kitambaa cha njano, mita kumi na saba na nusu, chenye picha za ndege waliotua matawini. Juu yake amepanga karatasi za kukatia: kifua, mgongo, sketi, mikono. Anazipanga, anazipangua. Magauni ni matano, ya wadogo watano wa bibi harusi, na harusi ni keshokutwa. Kila akihesabu, yanatoka manne.

"Nimekwisha," anasema. "Leo nimekwisha mimi."

Bi Kadiria si jina alilopewa na wazazi. Wateja ndio waliombandika, kwa kuwa katika kukadiria kitambaa hana mfano. Mweleze mshono, simama akuangalie juu mpaka chini, naye atakutajia mita za kununua hata pumzi hujashusha. Miaka kumi na tisa katika chumba hiki chenye cherehani mbili na dirisha moja, kitambaa hakijawahi kumpelea mteja wake. Wala hakijawahi kubaki.

Hilo la kutobaki ndilo analojivunia zaidi. Mafundi, jamani, tunawajua: unaambiwa mita nne, unanunua nne, mwezi ujao unakutana na mtoto wa fundi kavaa kitambaa chako. Mzee aliyemfundisha Bi Kadiria kazi alikuwa akiongeza nusu mita katika kila hesabu na kuiita haki ya fundi. Yeye aliikataa haki hiyo siku ileile aliyofungua chumba chake.

"Sikutaka mtu anitazame kwa jicho baya," anasema. "Kwangu mimi hupati hata cha kufutia kamasi."

Sifa hiyo ndiyo inayomlisha. Hushona nguo mbili au tatu kwa siku, na kodi ya chumba hula kazi ya siku kumi na moja kila mwezi. Tangu mumewe aumie mgongo, nyumba nzima inategemea mguu wake kwenye cherehani.

Kosa lilianzia kwenye simu. Shangazi wa bibi harusi alimpigia akiwa dukani, akamtumia picha ya jora la kitambaa, akauliza anunue mita ngapi. "Kumi na saba na nusu, wala usiongeze," akajibiwa papo hapo. Kilichomponza Bi Kadiria ni kutouliza swali ambalo hata aliyeanza kujifunza ushoni juzi angeliuliza: hao ndege wameelekea wapi?

Maana kitambaa kisicho na juu wala chini hukatwa kwa kubananisha, kipande hiki kichwa huku, kile kichwa kule. Hiki kina juu. Ndege wote wamesimama upande mmoja. Ukigeuza kipande, wananing'inia miguu hewani. Hapo ndipo mita mbili na nusu zilipoyeyukia. Jora dukani limekwisha, na maduka mengine sita ameshayauliza.

Fundi Suruali, mwenzake wa cherehani ya pili, ana dawa yake. "Geuza mgongo wa yule kitinda mimba. Mgongoni nani ataangalia?"

"Wote watakaokaa nyuma yake, wewe!"

"Basi sema dukani walimpunja shangazi mtu. Atajuaje?"

Bi Kadiria anazipanga tena karatasi. Baadaye atakiri kwamba neno lile lilimkaa rohoni. "Usidhani sikulitamani," anasema. "Nililitamani sana."

Saa sita kasorobo shangazi mtu anaingia, mwanamke mrefu mwenye haraka zake. Anaona kitambaa sakafuni, anaona na uso wa fundi.

"Kuna nini?"

"Karibu, dada yangu. Kitambaa hakitoshi."

"Hakitoshi vipi, na mita umezitaja wewe mwenyewe? Umekata, ukaweka wapi?"

Neno hilo Bi Kadiria amelikimbia miaka kumi na tisa, na leo limemkuta kapiga magoti. Machozi yanamlengalenga. Anachukua futi, anampa shangazi ncha moja. Wanapima wote wawili, toka dirishani mpaka mlangoni na kurudi, mita baada ya mita. Kumi na saba na nusu. Hakijaguswa.

"Kosa ni langu," anasema. "Sikuuliza ndege wameelekea wapi. Na ningeweza kukutajia ishirini tangu mwanzo, kwa tahadhari. Niliogopa utaniita mwizi."

Shangazi anakaa kwenye stuli. Fundi Suruali anaacha kukanyaga cherehani.

"Ningekuita," anasema.

Kisha anauliza kwa sauti ya chini, "Sasa katika watoto watano nikamwambie nani kwamba yeye hana gauni?"

"Usimwambie yeyote. Tutoe mikono."

Mikono ya magauni yote, Bi Kadiria anaeleza, itashonwa kwa kitambaa kitupu cha buluu. Kila gauni litaokoa nusu mita, na yote matano yatatoka. Hayatakuwa yale waliyoyachagua, ila yatafanana. "Wapungukiwe kidogo wote, kuliko mmoja akose kabisa. Buluu nanunua mimi."

Shangazi anawatazama ndege.

"Watoto wataninunia," anasema. "Na mimi nitakununia wewe mpaka Jumamosi jioni. Haya, kata."

Bi Kadiria anakata.

Akiulizwa anataka nini baada ya harusi hii, hataji cherehani mpya wala chumba kikubwa. Anasema kuanzia Jumatatu atataja mita zote, pamoja na za tahadhari, na kitakachobaki atakifunga amkabidhi mwenyewe, hata kikiwa cha upana wa kiganja. Anajua wapo watakaomnong'ona.

"Waninong'one," anasema bila kuinua macho kutoka kwenye mkasi. "Waniite mwizi wakitaka. Lakini mtoto wa watu asije akakosa nguo kwa sababu mimi nilitaka kusifiwa."