Vipande Sitini na Vinne vya Sofia Bashiri

Sofia Bashiri Mahamudu ndilo jina lake lote, na ninaliandika lote kwa sababu kila jina hapo lina kazi iliyofanyika. Mahamudu, babu yake, alikuwa mwasha taa za reli hapa Nachingwea enzi za garimoshi la karanga, na mpaka reli inang'olewa hakuna treni iliyosimama kwa uzembe wake. Bashiri, mwanawe, alifungua redio mbovu za nusu ya wilaya pale sokoni, akazirudisha kwa wenyewe zikiongea. Na Sofia mwenyewe ndiye aliyewafanya tembo wa Kilimarondo wakimbie nyuki ambao hawapo. Mimi ni Mwanne binti Mahamudu, shangazi yake. Nimesoma mpaka darasa la nne tu, lakini nilikuwa wa kwanza, na kitu nikishaambiwa hakinitoki.

Sofia ana karakana yake ndogo Ruangwa mjini. Huko ndiko alikotengeneza ile mashine: boksi juu ya nguzo, sola kichwani, masikio yake kayazika ardhini. Tembo akikanyaga karibu, masikio yanasikia kishindo, spika inatoa mlio wa nyuki, na wakulima kumi wanapelekewa meseji. Tembo mwenye akili zake hangoji nyuki. Siku ya majaribio kule Ruangwa, timu yao ya mpira, Namungo, wakafunga goli, vijana mtaani wakarukaruka, mashine ikadhani ni kundi zima la tembo. Nyuki wakalia, watu wakafunika vichwa kwa khanga na jezi. Sofia alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa, ndani ya mashine mna kiini. Ndiyo ile programu ya chini kabisa, inayozigawia programu nyingine nafasi ya kufanyia kazi. Nafasi hiyo wanaiita kumbukumbu. Sofia aliikata vipande sitini na vinne, vyote saizi moja.

"Kwa nini saizi moja?" nikamuuliza. "Meseji fupi si ingepewa kipande kidogo?"

"Kwa nini sahani za kikundi chenu ni saizi moja, shangazi?"

Hapo akanipata. Kikundi chetu cha akina mama Nambambo kina sahani mia na ishirini, za unyago na za msiba. Mgeni akija, anayepakua anachukua ya juu, hapimi, hatafuti. Hata ukitiwa punje tatu za mbaazi, utapewa sahani nzima, na ikishaoshwa inarudi juu ya nyingine. Tungekuwa na visahani na masinia ya kila namna, mgeni angekaa na njaa huku tunatafuta kinachomfaa. Kiini nacho hugawa hivyo hivyo: kipande cha juu kinatoka, kikimaliza kazi kinarudi.

Mashine ikapelekwa Kilimarondo, ikasimamishwa pembeni ya shamba la Rabia. Rabia ni mwenzangu, tulichezwa unyago mwaka mmoja, kwa hiyo hakuna adabu kati yetu. Wiki nzima nyuki walilia vizuri. Siku ya tisa mashine ikanyamaza kimya, tembo wakaingia, wakala nusu ya mahindi yake. Sofia akaja, akazima, akawasha, ikafanya kazi. Siku kumi baadaye ikanyamaza tena. Rabia akabakiwa na robo ya shamba, nayo ndiyo chakula chake cha mwaka.

Niliposikia Sofia anarudi tena huko, nikafuatana naye. Tulimkuta Rabia amekaa kibarazani, na mwenyekiti wa kijiji, Mzee Anselmo, yuko naye.

"Mwanne," Rabia akanipokea, "huyu mtoto wenu anafuga nyuki wasio na asali, na sasa hata kuuma hawaumi."

"Wewe mahindi yako yangekuwa machungu, tembo wangekuja?" nikamjibu.

Mzee Anselmo hakucheka. "Binti, nakwambia mbele ya shangazi yako. Mashine ikilala mara ya tatu kabla ya mavuno, nguzo inang'olewa. Watu watarudi kupiga madebe."

Sofia akaitikia, akaunganisha kompyuta yake na boksi, akatazama. 

"Vipande vya bure ni sifuri," akasema. "Vyote sitini na vinne vimechukuliwa, hakuna kilichorudi. Masikio yanaomba kipande cha kuandikia kishindo, kiini hakina cha kuyapa. Ndiyo maana inanyamaza."

"Nani kavishika?" nikauliza.

"Meseji. Kila moja inashika kipande chake mpaka ijibiwe kwamba imefika. Lakini Ruangwa zilikuwa zinajibiwa papo hapo." Akafikiri, halafu akageuka. "Mama Rabia, simu yako iko wapi?"

"Ndani, kwenye mkebe wa unga. Nimeizima."

"Umeizima tangu lini?"

"Tangu Jumamosi ya gulio. Kwani kuna mtu anaacha simu inawaka bure? Chaji yenyewe mpaka uipeleke kwa mwenye sola."

Sofia akamtazama mwenyekiti. Mzee Anselmo akapapasa mfuko wa shati, akaitoa simu yake. Kioo cheusi tii.

"Betri inaisha haraka, binti," akasema kwa sauti ndogo.

Rabia alicheka hadi khanga ikamdondoka. Katika wakulima kumi, saba walikuwa wamezima. Kila tembo walipokuja, meseji saba zilikaa na vipande vyao zikiwangoja, kama mpishi aliyefunika sahani za wageni ambao bado wako njiani, huku waliofika wanakosa sahani.

Sofia akajipiga paji la uso. "Na mimi likizo zote kwa shangazi nilikuwa nazima simu! Nimekaa Ruangwa nikasahau."

"Basi nitatoa amri," Mzee Anselmo akasema. "Kila mtu aache simu yake wazi."

"Hapana, mzee. Watu wabaki walivyo. Mashine ndiyo iwafuate."

Alikaa siku mbili pale kibarazani, Rabia akimletea ugali na majani ya kunde na maneno ya kumchokoza. Alibadilisha mambo mawili. Kwanza, meseji isiyojibiwa kwa dakika kumi inaachwa, kipande chake kinarudi. Pili, akatenga vipande kumi na sita kuwa akiba ya masikio na nyuki peke yao. Meseji ziwe nyingi namna gani, haziruhusiwi kuvigusa.

Tukasubiri. Siku ya tisa ilipita, ya kumi ikapita, Rabia akawa kila saa anayatazama mahindi. Siku ya kumi na mbili, alasiri jua bado kali, tembo watano wakatoka porini. Mimi nilishika nguzo ya baraza. Nyuki wakalia. Yule mkubwa akatandaza masikio, akapiga kelele, akageuka, na wengine nyuma yake mbio, vumbi mpaka kwetu. Rabia akapiga vigelegele, nami nikamsaidia, na Mzee Anselmo akavua kofia akaipungia mashine.

Kesho yake Sofia alimwita Rabia kwenye nguzo, mimi nikiwapo.

"Mama, kazi hii nakuachia wewe. Kila Ijumaa asubuhi bonyeza kitufe hiki, usome namba. Ni vipande vya bure kati ya arobaini na vinane vya kazi za kila siku. Vikiwa zaidi ya thelathini, nenda zako shambani. Vikishuka chini ya ishirini, nipigie siku hiyo hiyo, usingoje tembo."

"Mimi? Mzee mzima kama mimi?"

"Shamba ni lako. Soma."

Rabia akafuta kidole kwenye khanga, akabonyeza, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo.

"Arobaini na saba," akasema.