Kiapo cha Mtani

Mimi hakuna jambo la kunishtua. Nimeuza mahindi ya kuchoma stendi ya Korogwe nikiwa sina viatu. Nimenunua lori la kwanza kabla sijajua kuweka sahihi ya kueleweka, nikaliona lori hilo hilo likiteketea njiani, na kesho yake nikaamkia kwa mtu kuulizia jingine. Shule niliishia darasa la tano. Leo nina mashine mbili za kusaga Handeni mjini, shamba kubwa Kwedizinga, na nyumba ya vigae ambayo abiria wakipita na basi wanaulizana ni ya nani. Nayataja haya ili msomaji ajue kwamba aliyesimamia jambo la binti yangu hakuwa mtu wa kubabaishwa.

Binti huyo ni wangu wa pili. Anasoma ustawi wa jamii katika chuo kimoja cha Korogwe, na mwaka wa mwisho alipangiwa mazoezi kwa vitendo, wenyewe wanaita fildi, kwenye makao ya wazee huko milimani upande wa Vugiri. Mimi nilidhani fildi ni kupanda gari na begi. Nilipomuuliza anahitaji nini, akasema cheti cha polisi cha kuonyesha hana rekodi ya uhalifu, na wadhamini wawili wa kumsemea tabia.

"Wewe, rekodi ya uhalifu?" nikamwambia. "Kuku akichinjwa unakimbilia chumbani."

"Ni kila mwanafunzi, baba. Sisi tunaokwenda kwa wazee, kwa watoto, kwa wagonjwa wa akili. Bila hivyo mtu haendi."

"Na usipokwenda?"

"Nasubiri mwaka ujao. Wenzangu wanamaliza, mimi nabaki."

Kwetu ukitaka kujua tabia ya mtu unauliza jambo moja: ni mtoto wa nani. Ukishajibiwa, basi. Hata yule mama anayemhudumia baba yangu mzee, nilimuuliza hilo tu, nikamkabidhi ufunguo. Nikamwambia binti kwamba chuo wangeuliza hivyo nao wangemaliza kazi asubuhi moja, maana Handeni nzima wananijua.

"Ndiyo shida, baba," akasema. "Wanakujua wewe."

Nilimpeleka polisi mwenyewe, kwa gari langu. Tulikaa kwenye benchi na watu wa kila aina, na mimi kukaa benchi nilishasahau. Askari wa kike akamshika binti mkono, akamkandamiza kidole kimoja kimoja kwenye wino na kukibingirisha juu ya karatasi, taratibu, kama mtu anayesukuma chapati. Nikamwambia achukue na vyangu, apate kuona vidole vya mtu aliyefanya kazi. Akasema, "Mzee, vyako tutavichukua siku tukiletewa sababu." Watu wa benchi wakacheka. Nilicheka pia. Cheti kilipotoka kilikuwa safi, na mimi nikahesabu shughuli imekwisha.

Wakabaki wadhamini. Wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu wa sekondari aliyosoma, mama mstaafu, mtu wa kanisani. Wa pili nilimteua mimi, na binti hakumpinga. Ni mfanyabiashara wa ng'ombe anayekaa Magoma, Mnyamwezi ambaye babu yake aliletwa zamani kukata mkonge na hakurudi tena. Nilimchagua kwa sababu ana sauti, ana heshima, na wakati binti akisoma bweni Korogwe huyu ndiye aliyekuwa mlezi wake wa karibu. Jumamosi alikuwa akienda kwake. Nilijua anakwenda kula wali wa bure, na sikuona ubaya.

Sasa, Wanyamwezi na sisi Wazigua ni watani. Asiyejua utani atadhani tunachukiana. Mama yangu alipofariki, bwana huyu alifika msibani kabla ya ndugu wengine, akashuka kaburini, akajilaza humo na kusema hatoki mpaka alipwe, maana Wazigua wamezoea kuzika bila kulipa kodi ya ardhi. Tulimlipa. Akatoka, akajifuta udongo, akaenda nyuma ya nyumba akalia kuliko sisi. Ndivyo utani ulivyo. Yeye mimi ananiita mwizi, mimi yeye namwita manamba, kibarua wa mkonge kama babu yake, na tangu tufahamiane sikumbuki kama tumewahi kusalimiana bila matusi.

Mratibu wa fildi pale chuoni, dada mmoja kijana, alimpigia bwana huyu simu siku ya mnada wa ng'ombe. Mtani wangu alikuwa amesimama katikati ya watu, mkono mmoja umeshika kamba ya ng'ombe, kwa hiyo akaweka spika. Yule dada akajitambulisha, akataja jina la binti yangu, akauliza kama kuna jambo lolote analolijua ambalo lingefanya binti huyo asifae kukaa na wazee wasiojiweza. Mnada mzima ukanyamaza kusikiliza. Na mtani akipewa watu wa kumsikiliza, hakuna wa kumzuia.

Haya nayajua kwa sababu alinipigia mwenyewe hapo hapo, anacheka mpaka anakohoa.

"Mwizi, nimekumaliza leo."

"Manamba, umefanya nini?"

"Nimewaambia wahesabu mablanketi ya wazee kabla binti yako hajaingia, na wayahesabu tena akitoka. Nimewaambia ni Mzigua, baba yake aliniibia ng'ombe mchana kweupe, na yeye ndiye aliyeshika kamba."

"Na mratibu akasemaje?"

"Akasema ahsante sana kwa ushirikiano wako."

Nilicheka. Niliwahadithia vijana wa mashineni nao wakacheka. Ndio ukweli wenyewe: siku ile nililiona ni jambo zuri.

Kesho yake binti akanipigia. Hakulia, hajawahi kuwa mtu wa kulia. Alisema jina lake limesimamishwa, kwamba mdhamini wake ametoa tuhuma ya wizi, na gari la kwenda Vugiri linaondoka Jumatatu. Hiyo ilikuwa Jumatano. Nikamwambia atulie, baba yake anakuja.

Alhamisi asubuhi nilivaa koti. Chuoni nilipokelewa vizuri, shikamoo mzee, karibu mzee, kiti kikafutwa vumbi. Mratibu alikuwa mdogo kuliko nilivyomfikiria kwa sauti, mtu wa umri wa binti yangu wa kwanza. Nikamweleza utani ni nini, tangu babu zetu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Utani naujua, baba," akasema. "Na sisi kwetu upo."

"Basi unajua alikuwa anatania."

"Nadhani alikuwa anatania."

"Sasa tatizo nini?"

"Nilimuuliza swali la kazi, akanijibu kwamba binti ameshiriki wizi. Nimeliandika. Siwezi kulifuta kwa sababu baba yake amesema ni utani."

"Mimi ndiye ninayemjua. Mimi ndiye niliyemzaa."

"Kila aliyewahi kumdhulumu mzee alikuwa na baba, mzee wangu."

Nikamwambia ningeweza kuwanunulia wale wazee mablanketi mapya, makao yote. Sikusema kwa nia mbaya. Alifunga faili lake taratibu na kunitazama, na nikajua nimekosea njia.

"Pale kuna bibi hawezi kusema," akasema. "Kuna babu hajui leo ni siku gani. Akifanyiwa ubaya hana wa kumwambia. Nikikubali kila anayekuja kusema yule alikuwa anatania, siku akija aliyesema kweli nitamjuaje?"

Nina jibu la kila swali. Nimejibizana na watu wa ushuru, watu wa benki, na wafugaji waliolaza ng'ombe kwenye mahindi yangu na bado wakanidai fidia ya ndama aliyevimbiwa. Pale nilivua koti, nikaliweka magotini. Nikamuuliza anataka nini. Akasema aliyetoa maneno aje ayaondoe mwenyewe, kwa kiapo cha maandishi kilichogongwa muhuri wa wakili, na akae mbele yake ahojiwe upya. Kabla ya Jumatatu.

Binti alikuwa amesimama nje ya mlango. Alinisindikiza mpaka kwenye gari na kusema, "Baba, usiende kumgombeza." Nikashangaa kidogo kwamba hilo ndilo lililomsumbua.

Magoma nilifika mchana. Mtani wangu alikuwa anakula ugali. Nilipomweleza, tonge likabaki mkononi.

"Wameandika?"

"Wameandika."

"Mtu mzima na akili zake anaandika utani?"

"Ameandika. Na binti anabaki."

Aliweka tonge chini. Nilidhani atasimama, twende. Badala yake akanawa mikono bila haraka, akaegemea ukuta.

"Utani ukishatoka hadharani hauondolewi kwa mdomo mtupu," akasema. "Unajua desturi. Mbuzi mmoja, na kanga pea moja."

"Wewe umenitukana mbele ya mnada, halafu mimi ndiye nilipe?"

"Ndiyo. Uliniweka niseme ukweli kwa mtu ambaye hukumwonya kwamba mimi ni mtani. Utani nautoa bure, miaka yote. Ukweli unaununua."

"Manamba, mtoto anakosa mwaka."

"Ndiyo maana sijasema ng'ombe."

Nilinunua mbuzi hapo hapo kwa jirani yake, na sitashangaa nikisikia jirani huyo na yeye walishaelewana bei kwa macho. Kanga akachagua mwenyewe dukani, akaisoma maandishi, akairudisha, akachukua nyingine. Nikamuuliza anampelekea nani, maana mke wake alifariki. Akasema, "Nitaiweka." Nikalipa.

Ijumaa asubuhi tulikuwa kwa wakili Korogwe. Wakili ni kijana wa miwani, mtu asiyecheka. Alichapa huku anauliza, na mtani wangu akijibu ameshika kofia mkononi.

"Kwa hiyo ng'ombe hakuibwa?"

"Hakuibwa."

"Ulikuwa naye ng'ombe huyo?"

"Ninao wengi. Aliyeibwa ndiye hakuwepo."

"Na binti hakushika kamba?"

"Kamba ya ng'ombe ambaye hayupo ataishikaje?"

"Jibu ndiyo au hapana."

"Hapana."

"Na kwa nini ulisema hivyo?"

"Kwa sababu baba yake ni Mzigua."

Wakili akaacha kuchapa. Baada ya mazungumzo kidogo waliandika kwamba mwapaji, yaani yeye, na mzazi wa mwanafunzi wana uhusiano wa utani wa kimila, na kwamba maneno yale hayakukusudiwa kuchukuliwa kuwa taarifa ya kweli. Mtani akaapa, akatia sahihi, muhuri ukagongwa. Tukiwa kwenye ngazi akaniambia kwamba sasa yeye ndiye mtu pekee Tanzania nzima mwenye muhuri wa serikali unaothibitisha kwamba Mzigua si mwizi, na kwamba nitunze nakala, maana hatarudia.

Chuoni mratibu alikisoma kiapo mara mbili. Akaniomba nitoke, nikamwambia mimi ni mzazi. Akasema basi nikae kule nyuma na nisiseme neno. Sijaambiwa hivyo tangu darasa la tano. Nilikaa.

"Nakuuliza tena lile swali," akamwambia mtani wangu. "Safari hii nijibu wewe, usijibu kama mtani."

Mtani akaizungusha kofia mkononi. Nilisubiri tusi.

"Mke wangu alipooza upande mmoja," akasema. "Ulimi ukafa. Wanangu wako mbali, mimi niko minadani. Huyu binti alikuwa kidato cha tatu. Alikuwa anakuja Jumamosi. Anamwogesha, anambadilisha nguo, anamsuka nywele. Nilimwambia asifanye, si kazi ya mgeni. Akasema mama mwenyewe amemwomba. Nikamwambia mama hasemi. Akaniambia, anasema, akitaka maji anabana kidole hiki, akitaka kugeuzwa anafumba macho mara mbili. Mimi nilikuwa nimekaa naye mwaka mzima sikujua. Baada ya hapo nikaweza na mimi kuongea na mke wangu. Miezi ile ya mwisho tuliongea. Hayo ndiyo ninayoyajua kuhusu huyo binti."

Mratibu alikuwa anaandika. Akauliza, "Aliwahi kuchukua kitu ndani ya nyumba?"

"Alikuwa anakula wali."

"Hilo siandiki," akasema mratibu, na hapo ndipo nilipomwona akitabasamu.

Mimi sikuwa nalijua jambo lile la mgonjwa. Nilijua mke wa mtani anaumwa, nilituma gunia la mahindi, nikaenda kuzika. Binti hakuwahi kunisimulia na mimi sikuwahi kumuuliza anafanya nini kule Magoma. Tulipotoka nilitaka kumwuliza mtani mbona hakuniambia, lakini alikuwa ameshavaa kofia na ameshaanza tena, ananiuliza kama gari langu limelipiwa au na lenyewe ni la wizi.

Jina likarudishwa Ijumaa hiyo hiyo, saa kumi jioni. Jumatatu nilikwenda kusindikiza gari, nikakuta wazazi wengine wawili tu. Binti alikaa dirishani. Nikamwambia amsalimie yule bibi wa makao asiyesema. Akanitazama, akasema, "Nitamsalimia, baba," na gari likaanza kupandisha.

Watu wananiuliza kwa nini sikumpeleka chuo kisicho na mambo mengi, na uwezo ninao. Nawajibu kwamba yule mratibu nikimpata nitamwajiri mashineni kesho. Na wanaodhani nilihonga wamekosea, maana hapakuwa na wa kumhonga. Mbuzi alizidi bei ya wakili. Ukijumlisha mbuzi, kanga, wakili, mafuta ya gari na ugali wa samaki tuliokula na mtani pale stendi, ambao alikataa kabisa kuuchangia, fildi ya binti yangu ilinigharimu shilingi laki mbili, elfu thelathini na sita na mia tano.