Kalipa za Noah na Mke wa Muhidin

Hapa Sumbawanga gari likikosa breki, kuna watu hawaangalii tairi. Wanaangalia mke.

Na mimi fundi nilikuwepo, nikaongeza uongo wangu kama zuzu.

Muhidin ni mfanyabiashara wa mchele. Kila wiki anashuka bondeni na Noah yake mpaka Kaoze, na mteremko ule hauna masihara. Kalipa zake za mbele, vile vyuma vinavyobana breki kwenye gurudumu, zilikuwa zimekwisha, pistoni zimeganda kwa kutu. Mkewe, Munira, akamwambia gari halitoki mpaka breki zitengenezwe.

Mtu mwenye akili angeshukuru.

Nikafunga kalipa mbili safi zilizotoka Mbeya. Nikatoa upepo kwenye mabomba ya breki. Muhidin akakanyaga, pedali ikazama mpaka chini.

Nikatoa tena. Ikazama. Mara ya nne mafuta ya breki yamelowesha gereji nzima, pedali laini kama godoro.

Muhidin akashuka macho yamemtoka. Mzee mzima, ana maduka mawili mjini, eti anamgeukia mkewe aliyekuja naye gereji.

"Si ulisema gari halitoki? Umelifanya nini?"

Jamani. Mwanamke kaihurumia roho yako, wewe unamwita mchawi?

Halafu akaniuliza mimi kama kazi yangu ina kasoro.

Hapo ndipo ninapojidharau mpaka leo. Miaka kumi na tano gereji, nikubali nimeshindwa na breki za Noah?

"Kwangu kazi imekamilika, bosi," nikasema. "Labda ni mambo ya nyumbani."

Basi. Akamwambia Munira akafunge mizigo arudi kwao Laela, akaondoka zake kwa bodaboda.

Munira hakulia. Alichuchumaa kwenye gurudumu, akatoa simu. Alikuwa na picha ya kalipa ya zamani ikiwa bado garini, aliyoipiga ili amtumie muuza spea.

"Fundi Obed, hii nati ya kutolea upepo kwenye picha iko juu. Mbona wewe umeiweka chini?"

Nilikosa pa kuficha uso. Ya kulia nilikuwa nimeifunga kushoto, ya kushoto kulia. Upepo unapanda juu, mimi nautolea chini. Hata ningekaa mwaka mzima usingetoka wote.

Nikazibadilisha, nikatoa upepo upya. Pedali ikasimama ngumu.

Nikaendesha mpaka nyumbani kwa Muhidin, Munira pembeni. Nikampa shikamoo mama yake Muhidin, aliyekuwa barazani na mwanawe, kisha nikasema mbele yao kwamba nilifunga kinyume, kosa ni langu, na aliyegundua ni Munira.

Muhidin akazunguka gari, akagusa gurudumu. Nikadhani anatafuta namna ya kuomba radhi.

"Sasa fundi," akasema taratibu, "wewe na uzoefu wote huo, nani alikufanya ukosee?"

Akamwangalia mkewe.

Mama yake mwenyewe aliinamisha kichwa kwa aibu.

Munira akaingia ndani, akatoka na begi. Safari hii hakufukuzwa na mtu.

"Fundi, nipeleke stendi."

Nikampeleka. Muhidin bado anashuka bondeni na breki zilezile, na anasimulia watu kwamba gari lilipona baada ya mwanamke kuondoka.

Fundi mwenzangu, ukikosea sema papo hapo. Mimi nilichelewa saa mbili tu. Ukishampa mjinga uongo anaoupenda, ukweli ukija baadaye hana pa kuuweka.