Mkonge Juu ya Kaburi la Mama

Mwaka 1986, nikiwa na miaka kumi na tisa, korona ya shamba letu ilinyamaza. Korona ni mashine inayokamua jani la mkonge mpaka zibaki singa, zile nyuzi nyeupe za kusokotea kamba na kufumia magunia. Nilizaliwa naisikia. Harufu ya maji yake machafu ndiyo ilikuwa harufu ya nguo zetu, ya uji wetu, na ya shule niliyoiacha darasa la nne. Siku iliponyamaza, watu wa kambini walitoka nje wakasimama, kama walioambiwa kuna msiba lakini hawajaambiwa nani kafa.

Shamba lilikuwa la serikali. Baba aliletwa kutoka Kigoma akiwa kijana, manamba wa kukata mkonge, enzi za mabwana wa kizungu. Serikali ilipolichukua tukaambiwa sasa ni letu. Mimi sikusoma, lakini changu nakijua: ni kile ambacho kikiharibika naitwa mimi. Pale hakuitwa mtu. Mkanda ukakatika, spea haikuja. Matrekta yakalala juu ya mawe. Wakubwa wakahamishwa, wakaja wengine, nao wakahamishwa. Zahanati ya shamba ikabaki na mlango na mzani wa watoto.

Mama alikuwa mwanika singa. Mwaka uliofuata homa ilimshika, tukampeleka kwenye ule mlango na ule mzani, akafa.

Saruji hatukuwa nayo. Ila watu wa kambini walikuwa na desturi yao: asiye na jiwe alipandiwa mkonge kichwani. Na ilikuwa na akili. Mashamba yetu yalikuwa na mistari iliyonyooka kama imepigwa kamba, na mnyapara alikuwa tayari kukutukana mpaka ukoo wako kwa mche mmoja uliopinda. Kwa hiyo mkonge uliosimama nje ya mstari, peke yake, kila mtu alijua hapo amelala mtu. Baba alichimba nyuma ya kambi, mimi nikashika mche. Mdogo wangu wa kike alikuwa mgongoni kwa jirani, hata kutembea hajui.

Hatukufikiria kwamba mistari yenyewe inaweza kufa.

Baba alirudi Kigoma kufia kwao. Mdogo wangu akalelewa na yule jirani. Mimi niliondoka na suruali moja: nikabeba mizigo Tanga mjini, nikawa utingo, nikawa dereva wa malori ya Zambia, mpaka bahati nasibu ya kuja Marekani ikaniokota. Hapa Texas nilianzia ghalani Fort Worth, nikipanga maboksi na Warundi waliokuwa wakinicheka Kiswahili changu cha kambini. Baadaye nikashika usukani tena. Sikubebwa na mtu.

Mwaka juzi mdogo wangu akapiga simu. Alikuwa anapiga kelele kwa furaha.

"Kaka, shamba linafufuka! Wameleta mashine mpya. Wanaandikisha watu!"

Nilifurahi kama mtoto. Jumapili ile tulialikwa kula nyama choma kwa Watanzania wa Sugar Land, nikawatangazia wote. Bwana mmoja, mtu wa kompyuta, akaweka sahani chini.

"Mzee, kumbe wewe manamba? Sisi tulidhani ulikuwa baharia!"

"Manamba mwana wa manamba," nikamwambia. "Na hiyo nyama unayotafuna imeletwa na lori langu. Iteme, basi."

Wakacheka, nikacheka. Siku chache baadaye mdogo wangu akapiga tena, safari hii bila kelele.

"Kaka, wanaanza kusafisha lile pori nyuma ya kambi. Kaburi la mama liko wapi?"

Mimi peke yangu nililijua. Wote waliosimama pale siku ile wameshakufa.

Nilikuwa Houston, nimetoka kushusha mzigo, asubuhi. Kwao jua limeshapinda. Nikakaa ndani ya lori, nikaegemeza simu kwenye usukani, video imewashwa. Mdogo wangu akaanza kutembea na simu porini. Pembeni alikuwapo meneja mpya, kijana wa adabu.

"Shikamoo, mzee. Wewe tuonyeshe tu. Trekta litaliruka, nakuahidi. Tutajengea hata uzio."

"Marahaba. Mdogo wangu, geuza simu kushoto. Ipo reli ya trola za mkonge?"

"Reli waling'oa zamani, wakauza chuma chakavu."

"Mfereji wa maji ya korona?"

"Umefukiwa, kaka."

"Haya, tafuta mkonge uliosimama peke yake."

Akageuza simu taratibu. Mkonge ukizeeka hutoa mlingoti mrefu, huangusha vichipukizi, kisha hufa. Vichipukizi navyo huzeeka, huangusha vyao. Miaka yote ile shamba lilikuwa linajipanda lenyewe, hovyo, bila mnyapara. Mama amelala chini ya mkonge ulio nje ya mstari, na sasa hapakuwa na mkonge hata mmoja uliokuwa ndani ya mstari. Nilitazama mpaka macho yakauma. Sikuona kaburi. Niliona makaburi tu, mpaka upeo wa macho.

"Ni hapa?" mdogo wangu akauliza. "Au pale kwenye kichuguu?"

"Sijui."

"Kaka, onyesha popote. Mimi sura yake siijui. Nipe hata mahali."

Meneja akageukia pembeni, akajifanya anatazama trekta.

Nilikuwa naweza kusema: hapo. Neno moja. Trekta lingeliruka, uzio ungejengwa, mdogo wangu angepata pa kupiga magoti. Lakini ningemwekea mama uzio juu ya udongo mtupu, kisha yeye mwenyewe alimwe pembeni yake, na mimi ndiye niliyeshika ule mche.

"Sitakudanganya juu ya mama," nikasema. "Sijui."

"Basi wewe umeshiba," akasema. "Aliyeshiba ndiye anayeweza kukataa." Akakata simu.

Walilima lote. Mke wangu anasema nilipaswa kumpa mdogo wangu mahali pake. Huenda. Nikiulizwa tena nitajibu vilevile.

Korona inanguruma sasa. Mdogo wangu kapata kazi, anaanika singa kama mama, na zahanati nasikia ina dawa. Hanipigii. Picha hutuma mwanawe: mistari mipya, imenyooka kama imepigwa kamba, hakuna mche hata mmoja uliopinda. Mnyapara wa zamani angelia kwa furaha. Mimi huikuza picha kwa vidole, nazunguka nayo kila kona, kisha naizima.

Nilicho nacho leo ni hiki. Nyumba ya matofali, Mansfield, imeisha kulipiwa. Malori matatu na trela nne. Mke mmoja. Watoto wanne wenye vyeti, na wajukuu wanaonijibu Kiingereza. Bunda la kamba za katani nililonunua kwenye duka la wafugaji. Lipo gereji, silitumii, nalinusa. Viwanja viwili vya kaburi, Fort Worth, changu na cha mke wangu, mawe yameshasimikwa na majina yameshachongwa.

La mama sina.