Sweta ya Tatu

Mwanangu wa kwanza alizaliwa Vingunguti katika majira ya joto, lile joto ambalo hata kuku hutembea mdomo wazi. Mama mkwe wangu, aliyetoka Kawe kuja kunisaidia kulea, aliliangalia joto hilo akaona hatari moja tu: baridi.

Alianza kwa kufunga dirisha. Upepo wa huku si mzuri, alisema, na kwa kuwa upepo wenyewe hupitia machinjioni kabla ya kutufikia, sikuwa na hoja. Kisha akamvisha mtoto fulana, sweta, sweta nyingine iliyofumwa na shangazi mtu, kofia, soksi, na juu ya yote blanketi lenye picha ya simba. Mtoto wa miezi miwili akawa mnene kuliko baba yake. Asubuhi na jioni kikaja chetezo: mkaa, ubani, udi, na moshi ukajaa chumbani mpaka nikawa namtafuta mwanangu kwa kupapasa.

"Sasa hicho kichomi kitapitia wapi?" mama mkwe akaniuliza.

Kweli, kingepitia wapi? Hata hewa ilikuwa haijui.

Mimi nimesoma. Nasema hivi kwa sababu watu hupenda kujua kama mjinga ana cheti au hana. Ninacho. Kliniki walinifundisha, nami nikaitikia kwa kichwa: mtoto akikohoa, mfunue kifua umwangalie anavyopumua, akihema haraka, au chini ya mbavu pakibonyea kila akivuta pumzi, mkimbize hospitali. Nilielewa vizuri sana. Ila namna ya kumvua mtoto sweta mbele ya mama mkwe, hilo hawakufundisha.

Kikohozi kilipoanza, dawa ikawa sweta ya tatu. Kesho yake mtoto akakataa titi. Mama mkwe akasema ameshiba. Mtoto ambaye hajala ameshiba, na hilo nalo nikalikubali; adabu yangu ilikuwa ya kupigiwa mfano. Asubuhi iliyofuata nikasikia mguno mdogo kila alipotoa pumzi. Hapo nikaogopa. Nikambeba nikatoka mbio, kandambili moja yangu na nyingine ya mume wangu, mama mkwe nyuma akipiga kelele kwamba nimesahau kofia ya pili.

Zahanati, muuguzi, binti mdogo tu, alimwamkia mama mkwe, akamlaza mtoto kitandani na kuanza kumenya kama anayemenya kabichi.

"Bibi, humu ndani kuna mtoto kweli?"

Alipofika kifuani akaacha utani. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani. Akashika saa akahesabu pumzi dakika nzima, nami nikawa naangalia midomo ya muuguzi kwa sababu kifua sikuweza kukitazama.

"Mama, mara ya mwisho kifua cha mtoto umekiona lini?"

Nikaanza kuzikunja zile sweta. Mimi, mwenye cheti.

Wakampiga sindano, tukapelekwa hospitali kubwa, akawekewa oksijeni. Siku ya nne akalia kwa hasira akitaka titi, na sijawahi kufurahia kelele kama zile. Nikajua mwanangu atabaki. Nikajua pia kwamba sasa nina nafasi ya kumpasulia mama mkwe ukweli, na maneno nilikuwa nimeyapanga tangu siku ya kwanza pale wodini.

Muuguzi wa wodi akaniwahi. Alitueleza kwamba nimonia, hicho kichomi chetu, ni vijidudu, kwamba moshi na chumba kisichopitisha hewa huvirahisishia kazi, na kwamba kinga ni maziwa ya mama, chanjo, kunawa mikono na dirisha lililo wazi. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo si baridi?"

"Si baridi, bibi."

"Hata ukimtoa nje alfajiri, na kikhanga kimoja tu?"

"Hata hivyo, bibi. Kikhanga hakileti nimonia."

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Ukoo mzima tulijua kwamba aliwahi kuzika mtoto kabla hajamzaa mume wangu; zaidi ya hapo hakuna aliyewahi kuuliza, na mimi sikuwahi. Maneno yangu niliyoyapanga nikayaacha, nikasogea karibu naye.

"Mama mkwe wangu mie alinambia ni mie niliyemtia baridi mwanangu," akasema. "Mpaka anakata roho, alikuwa ananambia ni mie."