Nilivyokwenda Malambo Kuuliza Neno Hadithi Limetoka Wapi

Vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri, simu wekeni chini. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini safari hii nimeifanya kwa makalio yangu mwenyewe.

Chanzo ni kiti. Huku Endabash, kila sikukuu ya mavuno, anayewasimulia watoto hadithi kanisani hukalia kiti maalumu, nacho hutunzwa kwangu kwa sababu msimuliaji ni mimi. Mwaka huu jirani yangu Mama Bura akaniuliza mbele ya kina mama, "Hilo neno hadithi, unajua limetoka wapi?"

"Mbulu, kwa babu zetu. Kama si Mbulu, kiti chukua!"

"La pwani hilo. Jiandae kusimama."

Tukakubaliana aulizwe Naserian wa Malambo, mwalimu mstaafu, rafiki yetu wa mnadani. Wajukuu wakasema nipige simu. Neno la kunivua kiti nilisikie kwenye simu? Nikakataa.

Alfajiri nilidandia lori la mahindi pale Karatu. Hadi Mto wa Mbu nilikuwa juu ya magunia. Baada ya hapo, kwa barabara ile, magunia yakawa juu yangu.

Saa tisa mchana, Malambo. Dereva akasema anageuza saa kumi.

"Takwenya!" Naserian akanisalimu.

"Iko. Hadithi ni neno la wapi?"

Akaniziba mdomo. "Mambo ya hadithi jua linawaka? Kwetu hadithi ya mchana hupoteza ng'ombe! Subiri usiku."

"Lori halisubiri usiku!"

Akafikiri. "Basi ingia ndani. Humo usiku haujawahi kutoka."

Nyumba haina dirisha. Akatundika blanketi mlangoni, tukakaa kwenye moshi tukikohoa kama mbuzi wenye mafua.

"Ni Kiarabu," akasema. "Maana yake maneno, mazungumzo, habari. Lilifika pwani, likapanda huku pamoja na Kiswahili. Sisi Wamasai tunasema enkatini, na nyie mna lenu."

"Una uhakika?"

"Mama Daudi, unalia?"

"Ni moshi."

Njiani kurudi nilitunga uongo mzuri sana. Nani angejua? Lakini wale watoto huniamini hata nikiwaambia fisi alifunga ndoa. Nikautema huko huko njiani.

Kesho yake mchana, Endabash. Mama Bura alikuwa ameshafika getini kwangu. "Enhe?"

"Kiarabu. Limepitia pwani."

Vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Nilichojifunza ni hiki: neno ulilokua nalo mdomoni laweza kuwa mgeni, na mgeni aliyekaa vizuri hafukuzwi.

Nikawageukia watu wa nyumbani kwangu: "Kibebeni kile kiti mpeleke kwa Mama Bura sasa hivi, kabla sijakikalia!"