Shangazi Tuulikki Ahamia Nyuma ya Mtumbwi

Miaka yote Shangazi Tuulikki alikaa mbele ya mtumbwi, mumewe Veikko akiuongoza kutoka nyuma. Veikko alipofariki, mtoto wao Jari akataka uuzwe. "Mama, hata kuuongoza unyooke hujui," alimwambia wikendi hii ya vuli, tulipopiga kambi kando ya ziwa.

Shangazi akanisukumia mbele, yeye akakaa nyuma. Tukazunguka palepale.

"Shangazi, tunavuka au tunakoroga uji?"

"Piga kafi, domo wewe!"

Taratibu mtumbwi ukanyooka. Ng'ambo, chini ya miti iliyogeuka njano, akachemsha kahawa huku akitabasamu kama aliyefaulu mtihani. Jari akapiga kelele kutoka kambini tukamchukue.

"Aliyetaka kuuza mtumbwi," Shangazi akasema akijimiminia, "azunguke ziwa kwa miguu."